Kuhamia programu huria: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Arusha na Moshi

Majibu haya ni kwa ajili ya mtu aliyezoea Word, Excel, Photoshop, SPSS ya takwimu au QuickBooks ya uhasibu, na sasa ofisi, chuo au mfuko wake umemsukuma kwenye LibreOffice (kazi za ofisi), GIMP (picha), R (takwimu) au Linux (mfumo wa uendeshaji badala ya Windows). Maswali yametoka kwa watu wanaofanya kazi hizo kila siku: kampuni za utalii za Arusha mjini, stesheneri za Moshi, wanafunzi wa Tengeru na KCMC, makarani wa AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima), walimu wa kwaya. Hayakupangwa kwa uzito. Anza na lile linalokuuma.

Programu huria ni nini, kwa kifupi?

Ni programu ambayo leseni yake inakuruhusu kuitumia kwa kazi yoyote, kusoma jinsi ilivyoandikwa, kuibadilisha na kumgawia mwenzako. Leseni inayojulikana zaidi, GPL, ilitoka mwaka 1989. Linux ilianza 1991 mikononi mwa Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi Helsinki. Simu yako ya Android inaendeshwa na kiini hichohicho cha Linux, kwa hiyo ugeni wako si mkubwa kama unavyodhani.

Lakini Word na Photoshop zangu pia sikuzilipia. Nihame kwa sababu gani?

Watu huuliza hili kwa sauti ya chini, ila ndilo swali la kweli kuliko yote. Tuseme wazi: laptopu nyingi za mtumba zinauzwa zikiwa na Windows na Office zilizokrakiwa, yaani zilizovunjwa kufuli la leseni. Fundi anapiga Windows, anaweka Office, anachukua hela yake, biashara imekwisha. Ukimwambia mwenye mashine hiyo kwamba LibreOffice ni ya bure, hujamwambia kitu. Hata aliyonayo ameipata bure.

Hoja iko kwingine. Ili kraki ifanye kazi unaambiwa uzime antivairasi kwanza, kisha ufungue faili ambalo hujui nani kaliandika. Baada ya hapo unazima na apdeti, ili kraki isiondoke. Mashine inabaki na mlango wazi miaka nenda rudi, halafu tunashangaa flashi iliyopita stesheneri mbili tatu inarudi na mafolda yote yamegeuka shotikati. Juu ya hilo kuna sheria: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu na muziki. Kijana anayechapa barua nyumbani halali macho kwa ajili hiyo, lakini kampuni inayoomba zabuni kwa mashirika ya nje inapaswa kuwa na jibu ikiulizwa leseni zake.

Sababu ya tatu ni mpya. Microsoft ilifunga huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 pamoja na prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, au ya AMD inayolingana nayo. Zile Core i5 za kizazi cha 4 na cha 6 zilizojaa kwenye meza za wauzaji haziruhusiwi rasmi, ingawa zenyewe bado ni nzima kabisa.

Kwa hiyo nianze kwa kuweka Linux?

Hapana. Anza na programu. Mfumo wa uendeshaji uje baadaye. LibreOffice, GIMP, Inkscape (michoro), QGIS (ramani), R, MuseScore (noti za muziki), Firefox, VLC na 7-Zip zote zinakaa ndani ya Windows bila ugomvi, sambamba na zile ulizozizoea. Zitumie kwa kazi ndogo kwanza, tena juu ya nakala, siyo juu ya faili lenyewe. Ukiona wiki imepita hujafungua Word, hapo sasa tuzungumze Linux.

Anayebadilisha vyote Jumamosi moja anafika ofisini Jumatatu akiwa na tatizo asiloweza kulipa jina. Barua imegoma kutoka: ni printa, ni Linux, au ni LibreOffice? Hajui, na hata anayetaka kumsaidia hajui aanzie wapi.

Barua yangu ya Word nikiifungua LibreOffice inavurugika. Kwa nini?

Mara nyingi ni fonti. Calibri na Cambria ni mali ya Microsoft, haziwezi kugawiwa pamoja na programu huria. Badala yake kuna Carlito, ambayo herufi zake zina upana uleule wa Calibri, na Caladea inayolingana na Cambria. Kwa Times New Roman kuna Liberation Serif, kwa Arial kuna Liberation Sans. Hizi zikiwepo kwenye mashine, mistari inakatika palepale ilipokatika kwenye Word. Zisipokuwepo, kompyuta inachukua fonti yoyote iliyo karibu, neno moja linashuka mstari wa pili, sahihi ya mkurugenzi inahamia ukurasa wa pili. Kwenye Linux hakikisha Carlito na Caladea zimewekwa kabla hujalaumu kitu kingine. Angalizo: Office mpya imeacha Calibri na kuanza na Aptos, kwa hiyo nyaraka za karibuni zinaweza kuhama kidogo hata ukiwa na Carlito.

Sababu ya pili hatupendi kuisikia. Barua nyingi zimepangwa kwa kubonyeza spesi na Enta. Tarehe imesukumwa kulia kwa spesi arobaini, kichwa cha habari kimekuzwa kwa mkono, ukurasa mpya umepatikana kwa kushikilia Enta mpaka chini. Nyaraka ya namna hiyo inavurugika hata ndani ya Word yenyewe ukibadilisha printa. Dawa yake ni mitindo. Kwenye LibreOffice Writer bonyeza F11, utaona orodha: kichwa cha kwanza, cha pili, maandishi ya kawaida. Ukiweka kichwa kwa mtindo, unabadilisha mara moja na nyaraka nzima inafuata, na jedwali la yaliyomo linajitengeneza. Maandishi yaliyokwisha kuchafuliwa yachague, bonyeza Ctrl+M, yanarudi kwenye usafi wake.

Kuhusu kutuma: anayesoma tu, mtumie PDF. Anayehariri kwenye Word, mtumie docx. Kazi zako za ndani zihifadhi kwa odt, muundo ambao ni kiwango cha ISO tangu 2006 na hautegemei kampuni moja.

Vitufe vyote vimehama. Nifanyeje?

Fungua menyu ya View, kisha User Interface, chagua Tabbed. Utapata mwonekano unaofanana na wa Word. Mimi lakini nashauri ubaki na menyu za kawaida, hata kama zinakera siku za mwanzo. Miongozo mingi imeandikwa kwa kufuata menyu hizo. Ukibadilisha mwonekano, kila maelekezo utakayosoma itabidi uyatafsiri kichwani kwanza.

Na Excel? Nina faili la kutengenezea bei za safari, tumelijenga kwa miaka.

VLOOKUP, SUMIF, INDEX na MATCH, pivot, masharti ya rangi: vyote vimo kwenye Calc, programu ya majedwali ya LibreOffice. XLOOKUP imeingia kuanzia toleo la 24.8 la Agosti 2024, kwa hiyo kama fundi amekuwekea toleo la zamani utaona kosa ukadhani Calc haijui hesabu. Namba za matoleo siku hizi ni mwaka na mwezi, rahisi kuzisoma.

Makro za VBA, yaani amri za Excel zinazojiendesha zenyewe, zinafanya kazi nusunusu. Power Query, zana ya Excel ya kuvuta data kutoka nje, haimo. Kama faili lako la bei linavuta viwango kwa Power Query au lina vitufe vya makro alivyotengeneza kijana aliyekwishaondoka, liache kwenye kompyuta moja yenye Excel halali na uhame na mengine. Kwa mafaili ya kawaida fanya hivi: chukua bei ya safari iliyokwisha kulipwa, ifungue kwenye Calc, linganisha jumla ya chini na ile ya Excel. Zikilingana kwa safari chache za aina tofauti, ya siku moja, ya kupanda mlima, ya familia yenye watoto, una haki ya kuliamini. Karani wa AMCOS afanye vivyo hivyo kwa orodha ya kilo za kahawa na malipo ya msimu uliopita kabla ya kugusa msimu huu.

Mwongozo uko wapi, na mbona hausomeki?

Hapa ndipo wengi wanapokwamia, kuliko kwenye programu yenyewe.

Tulivyojifunza kompyuta wengi wetu, mtu alikaa pembeni akatuonyesha: bonyeza hapa, halafu hapa. Tukakariri mahali pa vitufe. Ujuzi wa namna hiyo unakufa siku kitufe kinapohama, na ndiyo maana hata Office ya 2007 ilipokuja na mwonekano mpya watu walilalamika vilevile. Miongozo ya programu huria inamwandikia mtu anayejua kazi yake inaitwaje. Haisemi "ile alama ya kulia juu". Inasema mtindo wa aya, safu ya picha, mfumo wa viwianishi (namba zinazotaja mahali kwenye ramani). Ukishajua majina ya vitu, mwongozo unafunguka. Kabla ya hapo unaonekana umeandikwa na watu wenye kiburi.

Ujue pia kwamba si nyaraka zote ni za aina moja. Kuna mafunzo ya kuanzia, yanayokushika mkono kutoka mwanzo hadi mwisho. Kuna maelekezo ya kazi moja, kwa mfano jinsi ya kuunganisha barua na orodha ya wateja. Na kuna marejeo, yanayotaja kila amri na kila chaguo, na hayo husomwa kama kamusi: unaingia, unachukua neno lako, unatoka. Mgeni akiangukia kwenye marejeo siku ya kwanza anakata tamaa, na ana haki. Hajakosa akili, amefungua kitabu kisicho chake.

Kwa LibreOffice anza na Getting Started Guide, kisha Writer Guide au Calc Guide. Zote ni PDF zinazotolewa bila malipo na The Document Foundation, taasisi inayoisimamia. Kwa QGIS anza na Gentle Introduction to GIS, ambayo iliandikwa kwa ufadhili wa ofisi ya serikali ya Eastern Cape, Afrika Kusini. Inaeleza dhana kabla ya vitufe, na ni nzuri kuliko vitabu vingi vya kununua. Kwenye R, andika alama ya kuuliza na jina la amri, kwa mfano ?lm, na usomee kutoka chini kwenda juu, maana mifano iko mwisho. Ukiandika example(lm) mifano hiyo inajiendesha yenyewe mbele yako.

Jambo la mwisho, dogo lakini linaokoa saa nyingi: angalia toleo. Nenda Help, kisha About, uone namba. Kisha uone mwongozo unaosoma ni wa toleo gani. LibreOffice ilijitenga na OpenOffice.org mwaka 2010, na mtandaoni bado kuna maelekezo ya kabla ya hapo yanayozungumzia menyu ambazo hazipo tena.

Nikiuliza mtandaoni naambiwa "soma mwongozo". Ni dharau?

Wakati mwingine ni dharau, tusidanganyane. Mara nyingi zaidi ni uchovu wa mtu asiyelipwa ambaye ameulizwa jambo lilelile tangu asubuhi. Ulipokuwa mteja wa programu ya kununua ulikuwa na haki ya kupiga simu na kufoka. Huku hakuna anayekudai wala unayemdai, kwa hiyo namna ya kuuliza inabadilika.

"Habari wakuu, LibreOffice haifanyi kazi, msaada wa haraka tafadhali." Hili halijibiki, hata na aliyeitengeneza. Sasa ona hili: "Natumia LibreOffice 24.8 kwenye Linux Mint 22. Nina docx ya kurasa 3 yenye jedwali. Nikichapa, ukurasa wa 2 unatoka mtupu. Nikitoa PDF, kurasa zote zinaonekana vizuri. Nimejaribu printa mbili." Mwenye macho anaona hapohapo kwamba PDF ikitoka sawa, kosa liko njiani kuelekea printa. Na mara nyingi utakuta kwamba ukiandika swali kwa uangalifu namna hiyo, jibu unalipata kabla hujalituma.

Maneno ya kosa yanakili yalivyo, usiyafafanue. Salamu moja inatosha, usiandike "Mambo?" ukasubiri mtu aitikie "poa" ndipo ueleze shida, kwani huko watu wako saa tofauti na zetu. Ukipata suluhisho, rudi uandike lilikuwa nini. Na usiambatishe kamwe faili lenye majina ya wagonjwa, wanafunzi au wateja. Tengeneza nakala yenye majina ya uongo inayoonyesha kosa lilelile.

Kiingereza changu ni cha kuungaunga. Hakuna kitu cha Kiswahili?

Juhudi zipo tangu zamani. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili. Lakini miongozo ya kina bado iko kwa Kiingereza, na ushauri wangu ni kuacha menyu kwa Kiingereza ili zilingane na unachosoma. Huhitaji Kiingereza cha chuo kikuu. Unahitaji msamiati mdogo wa kazi yako, na msamiati huo unajirudia kila ukurasa. Andika daftari: neno, maana, mahali linapopatikana. Mhasibu wa Njiro hahitaji maneno ya mpiga picha.

Bando langu linaisha. Yote haya yanapakuliwa vipi?

Linux Mint ni karibu GB 3. LibreOffice ni MB mia tatu na kitu. Pakua ukiwa kwenye Wi-Fi ya chuo au kwa bando la usiku, weka kwenye flashi, gawia wenzako. Hii ni halali kabisa, leseni yenyewe inaruhusu.

Kwenye Windows, msaada wa LibreOffice ni kifurushi cha pembeni. Usipokiweka, kila ukibonyeza F1 inafungua intaneti. Kiweke mapema. Kuna pia Kiwix, inayokuwezesha kubeba Wikipedia na maswali na majibu ya Stack Exchange kwenye diski na kuyasoma bila mtandao. Video za kujifunzia ni nzuri kwa kuona kazi mara ya kwanza, ila zinakula bando na huwezi kuzitafuta kwa neno. PDF unaipakua mara moja.

Natengeneza kadi za michango na mabango kwa CorelDRAW na Photoshop. Nitaweza?

Kadi, vipeperushi, nembo: Inkscape. Kusafisha picha: GIMP, na toleo la 3.0 la Machi 2025 limeongeza vichujio unavyoweza kuvirekebisha baada ya kuviweka, kitu ambacho watu wa Photoshop walikililia kwa miaka. Mafaili ya PSD ya Photoshop yanafunguka na safu zake, ingawa maandishi mara nyingi yanageuka picha. Mafaili ya CDR ya CorelDRAW yanafunguka kwenye Inkscape kwa bahati. Rahisi yanatoka sawa, yenye mbwembwe yanavunjika.

Tatizo halisi ni rangi za uchapaji. GIMP haihariri moja kwa moja kwa CMYK, mfumo wa rangi nne za wino wa mchapaji. Kwa bango la kawaida mpelekee mchapaji PDF au JPEG kama kawaida. Kwa kitabu au jarida la rangi, panga kurasa kwenye Scribus, inayojua CMYK, na uombe karatasi ya majaribio kabla ya kulipia nakala zote. Kama duka lako linapokea mafaili ya CDR ya wateja kutwa nzima, usiondoe CorelDRAW. Ongeza Inkscape kando yake.

Niko KCMC, msimamizi wangu anataka SPSS.

Msimamizi kwa kawaida anataka matokeo sahihi na jedwali analolielewa. Muulize kwanza kwa heshima. Mafaili ya .sav ya SPSS yanafunguka kwenye programu huria za takwimu jamovi na PSPP, na kwenye R. Anza na jamovi: ina madirisha na vitufe kama ulivyozoea, imejengwa juu ya R, na inaweza kukuonyesha amri za R nyuma ya kila jedwali. Ukizisoma hizo, R unaijua kidogokidogo bila kujilazimisha. Rudia uchambuzi mmoja uliokwisha kufanyika kwa SPSS, mwonyeshe msimamizi namba zikiwa sawa. Kwenye sura ya mbinu andika jina la programu na toleo lake.

Na ArcGIS ya ramani?

QGIS ndiyo programu huria ninayoipendekeza bila kusita hata kwa mtaalamu. Ilianza mwaka 2002, na shapefile zako (mafaili ya data za ramani) zinafunguka bila kubadilishwa chochote. Pakua lile toleo la LTR, linalotunzwa kwa muda mrefu, siyo jipya kabisa.

Kinachowatesa watu huku kwetu ni viwianishi, na hilo lingewatesa hata kwenye ArcGIS. Arusha na Moshi ziko kanda ya 37 Kusini ya UTM, mfumo unaogawa dunia katika kanda za kupimia kwa mita: kwa WGS 84, kipimo kinachotumiwa na GPS, namba ya kuichagulia kwenye QGIS ni EPSG:32737. Ramani za zamani za upimaji zinatumia kipimo kingine, Arc 1960, ambacho kwa kanda hiyo ni EPSG:21037. Ukizichanganya, kiwanja kinahama takriban mita 300, na QGIS haitapiga kelele kwa sababu haijui unachokusudia. Tena ukitoka Arusha kwenda Ngorongoro na Serengeti unavuka nyuzi 36 za mashariki na kuingia kanda ya 36, EPSG:32736. Kampuni ya utalii inayokusanya njia za GPS za safari nzima ibaki na WGS 84 ya latitudo na longitudo, EPSG:4326, na kugeuza pale tu inapohitaji kupima umbali.

QuickBooks na Tally?

GnuCash inatosha duka dogo au kikundi. ERPNext na Odoo Community zinatosha kampuni, lakini zinahitaji mtu wa kuzisimamia. Usihame katikati ya mwaka wa hesabu. Subiri ufunge vitabu, zungumza na mkaguzi wako, ingiza salio la kufungulia. Mfumo wa kutoa risiti za kielektroniki ni jambo la TRA na lazima uwe uliokubaliwa nao, kwa hiyo huo usiuguse.

AutoCAD, ArchiCAD za michoro ya majengo?

Kama unaishi kwa kubadilishana DWG na wahandisi wengine, baki huko. FreeCAD ilifika 1.0 Novemba 2024 na inafaa kujifunzia, lakini sitamwambia mchoraji aiweke rehani ajira yake.

Kwaya yetu ina nyimbo nyingi kwenye Finale, programu ya kuandika noti.

Basi hamna muda wa kupoteza. Agosti 2024 kampuni inayoimiliki ilitangaza kuacha kuiendeleza, baada ya miaka 35. Kompyuta yenu ikingali inafungua Finale, toeni kila wimbo kwa muundo wa MusicXML, kisha uufungue kwenye MuseScore, ambayo ni huria. Kagueni sauti moja moja. Noti huja vizuri, mpangilio wa maneno chini ya noti huhitaji mkono. Wanaoimba kwa sol-fa wanaweza kuandika d, r, m kama mstari mwingine wa maneno. Kwa kuonyesha tenzi ukutani ibadani kuna OpenLP.

Mama wa stesheneri anauliza: printa zangu zitakubali?

Mama, ukibaki Windows na kuweka LibreOffice tu, printa haijui hata kama umebadilisha kitu. Ukienda Linux, HP nyingi zinakubali papo hapo, na printa mpya za mtandao pia. Baadhi ya Canon ndogo za leza za zamani ni wasumbufu. Usibahatishe: washa kompyuta kwa flashi ya Linux Mint bila kuiweka ndani, unganisha printa, chapa ukurasa mmoja, toa kopi ya kitambulisho kwenye skana. Ikikataa, chomoa flashi, Windows yako ipo kama ulivyoiacha.

Kila mtu anaweza kuona msimbo. Si ndiyo rahisi kuweka virusi?

Imewahi kujaribiwa. Mwaka 2024 iligundulika kwamba mtu aliyejenga imani kwa muda mrefu alikuwa ameingiza mlango wa siri kwenye xz, programu ndogo ya kubana mafaili iliyomo kwenye Linux nyingi. Aliyeugundua ni mhandisi Andres Freund, aliyeona kuingia kwenye seva kunachelewa kwa takriban nusu sekunde akaamua kufuatilia kwa nini. Matoleo yenye kasoro, 5.6.0 na 5.6.1, yaliondolewa kabla hayajafika kwenye mashine nyingi. Msimbo wazi haukuzuia mtu kujaribu, ila ulimpa Freund kitu cha kufuatilia.

Kwako wewe hatari kubwa ni kupakua kutoka tovuti isiyo yenyewe. Pakua kwenye tovuti rasmi ya mradi, siyo kwenye tangazo lililotokea juu ya majibu ya utafutaji.

Nani anawalipa hawa watu?

Wengine hawalipwi. Wengi wanalipwa: IBM ilinunua Red Hat mwaka 2019 kwa dola bilioni 34, na Red Hat inaishi kwa kuuza huduma juu ya Linux. Kampuni ya Collabora inaajiri watu wa kuendeleza LibreOffice. Kwa ofisi yako maana yake ni hii: fedha uliyookoa kwenye leseni, sehemu yake iende kwenye mafunzo na kwa fundi anayeelewa. Mkurugenzi anayetaka kuokoa vyote viwili kwa kawaida anakuta wafanyakazi wamerudi Word kimyakimya.

Mimi si mtaalamu. Naweza kuchangia nini?

Ramani. Mradi wa Ramani Huria ulianza Dar es Salaam mwaka 2015, wanafunzi na wakazi wakichora mitaa inayofurika kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya dunia. Angalia mtaa wako wa Pasua au Ngarenaro kama vichochoro na zahanati vimo, uongeze. Kwa sauti, Common Voice ya Mozilla inakusanya Kiswahili kinachosomwa na watu wa kawaida. Na ukikuta ukurasa wa mwongozo umekupotosha, ripoti. Mgeni ndiye anayeona shimo ambalo mwenyeji analiruka kila siku bila kujua.

Nikishindwa, naweza kurudi nilikotoka?

Ndiyo. Word ya sasa inafungua odt, Excel inafungua ods, na ukitaka kuwa salama zaidi hifadhi kwa docx na xlsx kabla ya kurudi. Kagua kwanza mafaili yenye fomula ndefu na yenye picha zilizofungwa ndani ya maandishi; hayo ndiyo husumbua. Kama uliweka Linux pembeni ya Windows kwenye diski moja, usifute sehemu ya Linux ovyo, kwa sababu ndiyo inayoonyesha menyu ya kuwashia. Tafuta fundi arudishe kiwashio cha Windows kwanza, ndipo afute.